Yakuti Isiyochomwa

Tanga, 9 Februari 2004

Kwako Foi Kanchan, dada wa marehemu baba yangu,

Pokea mikono yetu, yangu na ya mume wangu Viraj, na ya Akash ambaye sasa ana miaka minane na anajua kuandika jina lako bila kuangalizia. Goti lako linasemaje? Nakuandikia kwa sababu mara ya mwisho kwenye simu ulinijibu "ndiyo, ndiyo" kwa kila nilichosema, hata nilipokuuliza umekula nini, nikajua husikii kitu. Na nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kigujarati changu cha kuandika ulishakicheka vya kutosha.

Huku duka linafunguliwa, tunashukuru. Mvua za vuli zilikuwa haba, machungwa ya Muheza ni madogo kama ndimu. Bi Zulfa wa ghorofa ya chini amemwoza binti yake wa mwisho. Biriani ililiwa mpaka kwenye ngazi zetu.

Sasa jambo lenyewe. Tangu Desemba Akash anaamka na macho yaliyovimba. Tulidhani mbu. Ikaja miguu, likaja tumbo. Hospitali wamesema ni figo, zinavujisha kitu ambacho mwili unakihitaji, ndiyo maana mkojo wake una povu kama wa sabuni. Wamempa vidonge vingi, kila asubuhi. Uvimbe wa miguu unapungua, lakini uso umekuwa duara, na shuleni wanamwita Chapati.

Nilimpeleka kwa Maharaj wa hekaluni. Hachukui hata shilingi, usimdhanie vibaya. Alitazama nyota za mtoto akasema yuko chini ya Shani, sayari ambayo Waswahili huiita Zohali, na kinga yake ni neelam: yakuti ya buluu katika pete, iguse ngozi. Iwe haijachomwa motoni ili kuongezwa rangi, maana jiwe lililochomwa limekufa. Masonara wa hapa wanauza yaliyochomwa, au vioo. Maharaj akaniuliza, "Katika ukoo wenu hakuna ajuaye mawe?" Nikasema yuko. Yuko shangazi yangu Nairobi, amekusanya vito miaka thelathini, si vya kuvaa, ni vya kutazama.

Foi, wewe ndiye uliyenipa jina nilipozaliwa, kama desturi yetu inavyotaka kwa dada wa baba. Tangu hapo sijakuomba kitu. Nitumie neelam moja, na uandike kwa mkono wako kwamba haijachomwa. Nina mtoto huyu mmoja.

Wako,
Deepa


Kileleshwa, Nairobi, 2 Machi 2004

Deepa, mwanangu,

Nimeipokea barua yako na nimeisoma dirishani mara mbili. Goti ni lile lile. Jirani yangu ameuza nyumba yake, na palipokuwa na mijakaranda mitatu panapanda jengo la ghorofa. Kila wiki linanilia kipande cha mwanga. Wewe hujui, lakini mawe mimi huyatazama asubuhi tu, kwenye mwanga wa kawaida usio na jua. Taa husema uongo. Lornah, msichana anayenisaidia nyumbani, ananiambia, "Mama, si ununue tu tochi kubwa?" Tumebishana juu ya hilo mpaka chai ikapoa.

Kuhusu Shani sitakuficha: siamini. Nayapenda mawe kwa sababu hayaombi kuaminiwa. Unayashika kwa kibano, unayageuza, yanakuonyesha yalivyo. Lakini umesema hujawahi kuniomba kitu, na ni kweli.

Basi hii ndiyo tathmini yangu. Yakuti samawi, karati tatu na robo, umbo la yai, imekatwa hapa mjini na fundi Odero, ambaye hakati jiwe kabla ya kulitazama siku nzima. Imetoka bonde la Umba, huko huko kwenu, kwa hiyo kwa kuja Tanga inarudi nyumbani, nisikorudi mimi. Rangi ni ya wino uliotiwa maji kidogo. Chini ya balbu huingia uzambarau. Ndani, kwa kioo cha kukuzia, kuna nyuzi nyembamba kama hariri, zimelala pande tatu, na ncha zake ni nzima. Moto wa tanuri huziyeyusha nyuzi kama hizo zikabaki vidoa. Hizi hazijaguswa. Ukingoni kuna ufa mdogo kama unyoya, jiwe lilizaliwa nao. Kwa ujuzi wangu wote, yakuti hii haijapata kuchomwa.

Sijawahi kuruhusu jiwe langu lifungwe kwenye dhahabu. Likishafungwa huwezi tena kuuona mgongo wake. Hili lifungeni.

Lakini kwa sharti moja. Vidonge viendelee kama daktari alivyosema, hata kama uvimbe umekwisha. Nimeuliza hapa. Yuko daktari wa figo za watoto, jina na mahali alipo nimekuandikia kwenye karatasi ya pili. Uniandikie mkojo ukoje na hospitali wanasema nini. Jiwe analileta Sejal, binti wa jirani yangu mwingine, anayekuja huko kwenye harusi ya ndugu yao.

Mbusu Akash. Mwambie chapati nzuri ni ya duara.

Foi


Tanga, 11 Aprili 2004

Foi wangu,

Leo salamu zije baadaye. Akash amevaa viatu vyake vya shule! Vile vya kufunga kamba, vilivyokuwa havimwingii tangu Krismasi. Uvimbe umekwenda. Macho nayaona yote mawili, mpaka kope.

Tuliiweka neelam chini ya mto wake siku tatu kwanza, kuona kama itamkubali, maana ikimkataa mtu humletea ndoto mbaya. Akaota anaogelea. Tukaifunga. Maharaj aliisoma barua yako mbele ya watu hekaluni, pale pa nyuzi kama hariri na ncha zake nzima. Mzee mmoja akasema, "Lakini mama huyu ameandika haamini." Maharaj akamjibu, "Ndiyo maana ushahidi wake ni safi." Watu wakacheka, na wote wakataka kumshika Akash mkono.

Viraj anasalimu, ameanza kuuza na vitambaa vya mapazia. Bi Zulfa anakuombea. Nyumba yenu ya zamani wameipaka rangi ya samli, ile baraza ya juu ingali ipo. Njoo uione, Foi. Njoo umwone mtoto uliyemponya. Tangu mlipoondoka mwaka wa sabini na moja hujakanyaga hapa, na sisi ndio tuliobaki.

Deepa


Nairobi, 6 Mei 2004

Deepa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na walio karibu nawe. Hapa mvua ni nyingi, mafundi wa jengo la jirani wamesimama, na mimi nimepata mwanga wangu kwa wiki moja. Lornah amekwenda Kenyatta Market kusukwa, amerudi na nywele na nyama ya kuchoma, na harufu hiyo katika nyumba ya mtu asiyekula nyama unaijua wewe.

Nimefurahi kwa viatu. Kisha nikaisoma barua yako tena nikitafuta neno moja. Halimo. Nilikuuliza vidonge. Nilikuuliza mkojo. Umenijibu mapazia.

Jumamosi nilikutana Westlands na Amirali, yule daktari wa meno mstaafu anayekusanya kama mimi. Huwa tunakunywa kahawa na kubadilishana mawe chini ya kitambaa kama walanguzi. Nilimsomea barua yako. Akasema, "Kanchanben, dada yangu, umempa jiwe na umempa karatasi. Jiwe haina maneno. Mimi naogopa ile karatasi."

"Nimeandika kweli tupu," nikasema.

"Ndiyo. Kweli ya jiwe. Wao wamesoma kweli ya mtoto."

Nilirudi nyumbani nikamwambia Lornah apige simu yenu, mimi nikae karibu. Akapokea Viraj.

"Hallo, sasa? Huku ni Nairobi, kwa mama Kanchan. Anauliza mtoto anaendelea aje." Kisha akanigeukia: "Anasema ako poa, anacheza mpira."

"Muulize dawa."

"Mama anauliza kama bado anakunywa dawa... Hallo? Hallo?" Akashusha simu. "Amekata."

"Amekata ama imekatika?"

"Mama, mimi najua simu imekatika na simu imekatwa. Hiyo amekata."

Sikutumia jiwe ili lichukue nafasi ya dawa. Niandikie neno moja tu: anakunywa, au hanywi. Kuhusu kuja Tanga, goti haliruhusu.

Foi


Tanga, 13 Juni 2004

Foi,

Salamu. Sote tupo.

Uvimbe umerudi. Ulianza machoni kama mara ya kwanza, nikajiambia amelala vibaya. Sasa umefika tumboni. Ngozi yake inang'aa kama ya embe. Pete imemkaza, na siwezi kuivua bila yeye kupiga kelele.

Anakunywa au hanywi, umeuliza. Hanywi. Vidonge tuliviacha mara tu alipovaa pete. Usimlaumu Maharaj, hakusema tuviache. Alisema Shani hapendi kushirikishwa. Mimi nikamalizia mwenyewe. Tukatazama, uvimbe haukurudi wiki ile, wala ya pili, wala mwezi mzima. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?

Sasa hekaluni wananong'ona kwamba jiwe lilichomwa. Sonara mmoja amelitazama pale pale kidoleni akasema hivyo hivyo. Maharaj ameniambia niulize tena kwa aliyeandika. Basi nakuuliza. Lilichomwa? Niapie kwa kichwa cha Akash. Maana kama ni la kweli sielewi tena kitu chochote, na kama lilichomwa angalau najua kosa liko wapi, na utanitumia jingine.

Nijibu upesi. Usiniandikie habari za dirisha.

Deepa


Nairobi, 28 Juni 2004

Deepa,

Nilikosea. Macho yangu yamezeeka na mwanga ulikuwa mbaya. Jiwe limechomwa. Halifai kitu, livueni. Nimeyatazama yote yaliyobaki, na hakuna hata moja hapa kwangu ambalo halijaguswa na moto. Sina jingine la kukutumia, na hata ningekuwa nalo nisingekutumia.

Mrudishe hospitali leo. Si kesho. Waambie kweli, kwamba dawa zilikatwa ghafla, watajua waanzie wapi. Barua hii iache hapo ulipo, kamvalishe mtoto shati.

Foi


Tanga, 19 Julai 2004

Foi mpenzi,

Nakushukuru kwa kusema kweli. Ni wachache wa umri wako wanaoweza kusema nilikosea, Maharaj mwenyewe amekusifu. Usijilaumu. Sasa angalau tunajua.

Yuko mtu Arusha ambaye ana neelam ya ukoo, ya kabla ya watu kujua kuchoma mawe. Maharaj amemwandikia. Tunangoja. Hospitali walitaka kumlaza Akash, nikawaambia wasubiri kidogo, jiwe likifika tutakuja. Daktari kijana akaniuliza, "Jiwe gani, mama?"

Unataka kujua kwa nini nachelea vidonge, nami nitakuambia, kwa kuwa wewe umekuwa mkweli kwangu. Si Shani peke yake. Siku moja mwezi wa tatu Akash alijifungia bafuni. Viraj alivunja komeo. Alikuwa amekaa chini ya bomba na vidonge mkononi, akasema, "Mama, afadhali nife na uso wangu." Miaka minane, Foi. Alipovaa pete akaniuliza kama sasa anaweza kuacha, nami nikasema ndiyo kabla hata sijafikiri. Jinsi alivyonikumbatia! Sasa nimrudie na vidonge vile vile, nimwambie nilimdanganya?

Hawezi kufunga kifungo cha kaptura. Anapumua kama aliyepanda ngazi, naye ameketi.

Jiwe la Arusha litafika mwisho wa mwezi, tukijaliwa.

Deepa


Nairobi, 8 Agosti 2004

Deepa, mwanangu, mtoto wa kaka yangu,

Sina habari za nyumbani leo. Nisikilize mpaka mwisho.

Jiwe halikuchomwa. Barua yangu ya Juni ilikuwa uongo, na ni uongo wa kwanza niliowahi kuandika juu ya jiwe. Nilidhani ukikosa imani na jiwe utarudi kwenye dawa. Kumbe nimekufungulia mlango wa kwenda kutafuta jingine. Amirali aliniambia, "Umeharibu karatasi, ilikupasa kuharibu matumaini." Lakini mimi sitaki kuyaharibu matumaini yako. Nataka uyahamishe.

Kwa hiyo narudia, na safari hii nakuapia kama ulivyotaka. Ile ni yakuti ya Umba, safi, nyuzi zake nzima, haijawahi kuona tanuri. Jiwe bora kuliko hilo sijalishika maisha yangu yote. La Arusha halitalishinda. Hakuna litakalolishinda. Maharaj alitaka jiwe la kweli, na la kweli ndilo lililokuwa kidoleni mwa Akash tangu mwezi wa tatu, likigusa ngozi yake, siku zote alizokuwa akivimba.

Fikiri hapo, Deepa. Usifikiri zaidi ya hapo.

Uvimbe uliondoka kwa vidonge. Ulikaa mbali kwa muda kwa sababu ya vidonge alivyokwisha kunywa. Ulirudi kwa sababu viliisha mwilini. Jiwe lilikuwa pale tu, zuri, halifanyi kitu, kama yalivyo mawe yangu yote kwenye droo. Miaka thelathini nimekaa nayo na hayajanitendea lolote zaidi ya kutazamika, na hilo lilinitosha kwa sababu sikuwa na mtoto wa kumponya.

Kuhusu uso wake. Mwambie ni mimi niliyesema uso utarudi. Nimemuuliza yule daktari wa watoto, nilikwenda mwenyewe, nikapanda ngazi zake. Ameniambia dawa ikipunguzwa taratibu uso hurudi kama ulivyokuwa. Ameniambia na mengine, ya watoto walioachwa wakavimba mpaka maji yakafika kwenye mapafu, na ya homa zinazowaingia wakiwa hivyo. Alipomaliza akauliza, "Huyu mtoto ako wapi saa hii?" Nikasema Tanga. Akasema, "Basi wewe unafanya nini hapa?"

Goti si sababu. Tangu serikali ilipoitaifisha nyumba ile na kutufukuza, baba yako amesimama barazani hataki kushuka na mama yetu amekaa juu ya mabunda njiani, nimesema sitasimama tena mtaa ule. Nimesema hivyo kwa miaka mingi mpaka nikaliita goti.

Nimekwenda kuomba pasi mpya ya kusafiria, ya zamani ilikwisha bila mimi kujua. Wamesema mwisho wa mwezi. Nikiipata napanda basi nakuja. Nitakaa mlangoni kwako mpaka mtoto ameze. Lakini mwisho wa mwezi ni mbali, Deepa. Nimemwona usoni daktari yule jinsi alivyohesabu kimoyomoyo.

Usiningoje mimi. Usingoje Arusha.

Foi


Tanga, 24 Agosti 2004

Foi,

Nakutumia barua hii kwa mkono wa kondakta wa basi la leo, nitamwomba aifikishe kwako kabla yetu.

Yako ilifika Ijumaa. Nilipoona umeandika kwamba unakuja Tanga, niliketi chini. Viraj akauliza nani amekufa. Nikasema, "Foi anakuja huku." Akanitazama, akaenda kumchukua Akash kitandani bila kuuliza zaidi. Nikamfuata na viatu vyangu mkononi.

Walimlaza. Pete waliikata kwa mkasi wa chuma, sabuni ilishindwa. Alama yake ingali kidoleni, nyeupe. Nilimweleza Akash kwamba nilimdanganya. Hakuniangalia siku nzima. Kisha akanyoosha mkono, nikampa vidonge, akavimeza kimoja kimoja bila maji ili nione vinavyomkwama.

Havitoshi tena. Daktari yule kijana ameniambia wazi kwamba maji yamezunguka mapafu na figo zimechoka, na hapa hawana cha zaidi. Ameandika barua kwa mwenzake wa Nairobi. Jina ni lile lile uliloniandikia Machi. Ile karatasi yako ya pili niliifungia chumvi. Amesema barabara ni hatari kwake, na kukaa ni hatari zaidi, na kwamba yeye hawezi kuniahidi kuwa mtoto atafika hata Mombasa.

Jiwe la Arusha lilifika jana. Sikulifungua.

Usihangaike na pasi. Mwambie Lornah atahitajika mtu wa kumbeba kwenye ngazi zenu, amekuwa mzito kwa maji, ingawa mikono yake imebaki mifupa. Na umtandikie karibu na dirisha, hata kama mwanga umebaki kidogo.

Maharaj alikuja wodini. Alimshika Akash kichwa, akalia, simdhanii vibaya hata sasa. Kisha akanivuta kando akaniambia kwa upole kwamba aliye chini ya Shani hasafiri Jumamosi, ndiyo siku ya Shani mwenyewe, ningoje Jumapili. Basi la Jumapili limejaa. Nilisimama pale kwenye dirisha la tiketi, watu nyuma yangu wananisukuma, karani anauliza, "Mama, unakata au hukati?"

Nimekata ya Jumamosi.

Deepa